Kinu cha Mferejini

Mahindi ya msaada yalikuja mazima, magumu kama changarawe. Asmaa aliyachemsha mpaka kuni zikaisha. Mzee Kombe, baba mkwe wake, akayatafuna kwa ufizi, kisha akayatema kiganjani. Tangu juzi alikuwa akinywa maji ya moto tu.

"Yapeleke kinuni, mwanangu."

"Kinu kimefungwa, baba."

"Nani kakifunga?"

Mzee alisahau kila siku, na kila siku Asmaa alimweleza.

Kinu hicho cha maji kilikuwa juu ya mfereji, mwendo mfupi kutoka Garsen: kijumba cha mawe kilichoinuliwa kwa nguzo za zege, paa la mabati. Wafadhili walileta saruji na mawe mawili ya kusagia. Wanakijiji wakachimba mfereji kutoka mtoni kwa majembe yao. Hiribae, marehemu mumewe Asmaa, ndiye aliyechonga gurudumu kwa mbao za mbambakofi. Maji yalisukuma gurudumu, gurudumu likazungusha jiwe la juu, unga ukamwagika sandukuni. Hata mafuriko ya El Nino hayakukiangusha. Baada ya mafuriko ukaja ukame, na pamoja na ukame mheshimiwa mmoja akaja na hati ya shamba la kando ya mfereji. Mlango wa maji wa kinu ukatiwa kufuli ili maji yote yaende kwenye mpunga wake. Sokoni Garsen akafungua mashine ya dizeli.

Asmaa alimkuta naibu chifu, Godhana, barazani akinywa chai.

"Chifu, naomba maji kidogo tu. Nimsagie mzee."

"Mashine iko Garsen, mama."

"Sina cha kulipa."

"Basi subiri mvua."

"Kinu kile alikijenga Hiribae."

"Alikijenga juu ya ardhi ya serikali." Godhana akapuliza chai yake. "Mimi pia nina wakubwa wangu. Nenda nyumbani."

Alikwenda nyumbani, akachukua shoka.

Kufuli ilivunjika mchana kweupe. Maji yaliingia polepole, yakisukuma majani makavu mbele yake. Gurudumu lililia, likasita, likazunguka. Asmaa alimimina mahindi, akatia mkono chini ya unga uliokuwa ukitoka. Ulikuwa na joto. Ng'ambo ya mfereji wanawake wawili walisimama na ndoo zao za mahindi, wakitazama. Hawakuvuka.

Polisi walifika mfuko wake wa unga haujajaa.

"Umeiba maji," sajenti alisema.

"Maji ya mto?"

"Ya mwenye shamba. Beba huo unga. Ni kizibiti cha kesi."

Aliubeba mwenyewe mpaka kwenye gari.

"Niache nimpelekee mzee kibaba kimoja. Kuna mzee nyumbani."

"Kizibiti hakigawanywi, mama."

Kituoni walimketisha sakafuni. Hakulia. Alitazama nzi wakitembea juu ya mfuko, akajaribu kumfikiria mzee Kombe, lakini hata sura yake haikumjia vizuri. Jua lilipoanza kuinama, sajenti alifungua mlango.

"Unajua kusonga ugali?"

Nyuma ya mahabusu palikuwa na mafiga, na juu yake sufuria ya maji yakichemka. Mfuko ulikuwa umeshafunguliwa. Asmaa alimwaga unga, akashika mwiko. Mikono ilisonga yenyewe. Askari walinawa, wakavuta viti.

Mmoja aliinama akatazama sufuriani.

"Ongeza unga, mama. Umelegea."

Akaongeza.