Jina la Utani la R4

Bodi ya kwanza ya umeme, ya kuwasha pampu yenyewe, ilifuka moshi mbele ya kamati nzima ya kisima cha Ijara, na lawama zikaniangukia mimi, Qali, niliyeipiga solda. Nilikuwa nimeweka rezista, kile kipande cha kupunguza umeme, ya R4 mahali pa R7. Lakini bodi ilionyesha majina tu. Thamani za rezista hizo, ile ya omu elfu kumi na ile ya mia mbili ishirini, binamu yangu Alio aliziacha ndani ya kompyuta. Nilikasirika, na sikuona haya.

Kamati ilitupa nafasi moja tena. Bodi ya pili ikiungua, pampu ingebaki ya kuwashwa kwa mkono, na anayeiwasha ni habaryar Osob, mama yetu mdogo, ambaye magoti yake yamechoka kukimbilia swichi kila tangi likikauka.

Alio ndiye mchoraji wa bodi katika karakana yetu hapa Garissa. Nikamwambia aonyeshe thamani kwenye mchoro, kando ya kila jina. Akakataa katakata. Eti bodi itajaa maandishi, na fundi wa kweli majina humtosha.

Tukiwa katika kuvutana huko, Halake muuza chai akachungulia mlangoni, akamuulizia Abdiwahab.

"Abdiwahab yupi?" Alio akajibu bila kugeuka. "Dheere ama Gurey?"

Mrefu, au yule wa mkono wa kushoto. Tunao wawili, na bila jina la utani chai hunywewa na asiyeagiza. Nilimtazama tu Alio mpaka akayasikia maneno yake mwenyewe.

"Haya, abaayo, dada yangu," akasema. "Umenishika."

Akafungua mipangilio, akatia alama penye thamani. Namba zikamwagika juu ya mchoro, zikapandana. Akaziburuta moja moja hadi kila namba ikakaa na mwenyewe. Bodi ilipochapishwa, nilikuta pembeni maandishi ambayo hayakuhitaji solda yoyote: jina langu, na mahali pa thamani, "Kulul". Yaani wa moto. Nilimfokea, kisha nikafanya kazi nikiimba.

Kule Ijara maji ya tangi yalishuka, na pampu ikanguruma yenyewe. Habaryar Osob hakuinuka pale alipokuwa ameketi. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, nami yangu yakafuata. Kisha akaomba aonyeshwe bodi, na Alio akamweleza: hili jina, hii thamani. Akaisogeza karibu na macho, akasoma pembeni polepole.

"Ya huyu," akamwambia Alio akininyooshea kidole, "umeiandika sawasawa."

Mara hiyo sikukasirika.