Mvuto wa Nne

“Andika tatu,” daktari aliniambia, hata glavu hajavua. “Tutasema wavu ulikuwa mbovu.”

Kalamu nilikuwa nayo mkononi. Kwenye beseni la chuma ulilala waya usio na ncha. Ncha yenyewe, wavu mwembamba wa kunasia damu iliyoganda, ilikuwa imebaki kichwani mwa mama mmoja fundi cherehani, ambaye asubuhi ile alipigwa na kiharusi, akadondosha mkasi akashindwa kutamka neno.

Miaka tisa imepita na hasira sijaimaliza. Wala sina mpango wa kuimaliza.

Kazi yangu katika chumba kile ilikuwa kumpa daktari vifaa na kuhesabu kwa sauti. Wavu unapitishwa mshipani kuanzia pajani, unapanda mpaka kichwani, unafunguka ndani ya bonge la damu, unavutwa. Moja. Mbili. Tatu. Baada ya hapo haurudi tena, waya umeshachoka, unafunguliwa mpya. Wenzangu waliniita Kengele kwa ajili ya sauti hiyo ya kuhesabu.

Siku ile nilisema tatu na bonge halikutoka. Mpya ulikuwa stoo, na mwenye ufunguo alikuwa kwenye kikao. Kila dakika ilikuwa inakula ubongo wa yule mama, na sote tulijua. Daktari akanyoosha mkono bila kunitazama. “Lete huohuo.”

Nikampa. Ndiyo, mimi. Nilitaka mama wa watu aseme tena, basi nikafumba mdomo, na mvuto wa nne sikuuhesabu. Kwenye skrini tuliuona waya ukirudi peke yake.

“Ukiandika nne unajichongea na wewe,” daktari alisema nilipobaki nimeshika kalamu, kwa upole kabisa. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

“Mficha uchi hazai, daktari. Wakiamini wavu ulikuwa mbovu, mwingine atavuta mara ya nne, na ufunguo utakuwa uleule, kikaoni.”

Nikaandika kwenye ripoti: mivuto minne, wa nne kwa wavu uleule, niliyempa daktari ni mimi. Nikatia sahihi. Kisha nikatoka hadi ukumbi wa kusubiria nikamweleza mume wa yule mama hivyohivyo, bila kupunguza. Alinisikiliza mpaka mwisho. “Ondoka mbele yangu, dada,” akasema, nami nikaondoka.

Juma lililofuata nikahamishiwa chumba cha kufulia. Muuguzi mwenye vyeti vitatu, kazi yake kukunja shuka! Wenzangu walinicheka, eti Kengele imefungwa kitambaa. Wacheke. Tangu ripoti ile, nyavu za akiba hukaa ndani ya chumba kile cha matibabu, hatua mbili kutoka kitanda cha mgonjwa.

Miezi minane baadaye mlango wa kufulia ulisukumwa kwa fimbo. Alikuwa yule fundi cherehani, mguu wa kulia ukiburuta, mkono wa kulia umekunjamana kifuani.

“Wewe ndiye… uliyempa… wavu?” Maneno yalimtoka kwa tabu.

“Ndiyo mimi.”

“Na ndiye… uliyesema?”

“Ndiyo.”

Alinikazia macho mpaka nikatamani kutazama chini. Sikutazama. Akaegemeza fimbo ukutani, akashika pembe ya shuka langu kwa mkono wa kushoto. Ikamponyoka. Akaishika tena.

“Hesabu,” akasema.

Tukakunja. Moja. Mbili. Tatu. Hapo nikaacha kuhesabu, kama siku ile. Yeye akaivuta pembe yake ikanyooka, akasimama kunisubiri.

“Nne,” nikasema.