Mtani wa Golini

Mpira wa vyuo vya Tabora haustahili mtangazaji, na mimi, Swaumu, nilikuwa mtangazaji wake kwa miaka miwili. Ni mchezo wa watu ishirini na wawili wanaokimbilia mahali ambapo mpira ulikuwapo. Kila mwaka chuo chetu cha ualimu hukutana mara kadhaa na chuo cha uuguzi kwenye kiwanja kilicho kati ya reli na bomba la maji, kugombea kikombe cha bati kiitwacho Kombe la Karavani, na kila mwaka watu wazima hulia kwa ajili ya kikombe ambacho bibi yangu asingekubali kunywea maji. Nahodha wetu, Revocatus, alikuwa na nywele nzuri. Sina la kuongeza juu yake.

Kipa wa wauguzi aliitwa Fikiri. Alikuwa na mikono mirefu, na mpira aliudaka kama mtu anayekamata kuku wa jirani, haraka haraka na kwa wasiwasi. Nilipoambiwa ametoka Kisarawe, kwa Wazaramo, nilimshukuru Mungu. Mimi ni Mnyamwezi wa Ng'ambo, hapa hapa mjini. Mzaramo ni mtani wetu tangu mababu walipokuwa wakibeba pembe za ndovu kwenda pwani na kupita kwao, na mtani unamtukana hata msibani, naye hucheka. Ukiwa na kipaza sauti mkononi, huombi zawadi zaidi ya hiyo.

Basi nilimtukana. Nilitangaza kwamba Mzaramo amezoea kudaka pilau ya ngomani, mpira hauna nyama. Nilisema babu zangu walibeba mizigo hadi pwani na hakuna uliowaponyoka, lakini yeye mpira mmoja umemshinda. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Yeye aliinua mkono, akatabasamu, akarudi golini. Mechi ikiisha alikuja mezani kwangu na karanga za kukaanga zilizofungwa kwenye karatasi, akaniuliza habari za masomo, nami nikazila karanga zake huku nikimwendelezea palepale. Hakurudisha hata neno, na hilo liliniudhi. Mzaramo gani asiyejibu? Nilidhani ni uvivu wa akili. Uvivu ulikuwapo kweli, ila haukuwa wake.

Mwaka huu nilikuwa na jambo langu. Redio moja ya mjini ilikuwa ikitafuta mtangazaji wa michezo, na msimamizi wake aliahidi kuja Jumamosi kwenye fainali ya Karavani anisikie. Ualimu nausomea kwa sababu baba alitaka. Redio niliitaka mimi. Sikuwahi kutaka kitu namna ile, na nilichukia kujiona ninavyotaka.

Jumatano ikaja barua. Mkufunzi mgeni wa kule uuguzini alilalamika kwamba ninayoyasema ni matusi. Mlezi wetu wa wanafunzi, Madamu Paskazia, mama wa Nzega asiyependa maneno mengi, aliniita ofisini. Nikamweleza kwamba yule ni mtani wangu. Akasema utani anaujua kuliko mimi, na kama ni mtani, aje aseme mwenyewe mbele yake. Vinginevyo kipaza sauti atapewa Benjamini. Benjamini ni katibu wa serikali ya wanafunzi, na hata salamu za Idi huzisoma kana kwamba ni muhtasari wa kikao. Nilitoka nikicheka. Nilihitaji neno moja tu, kutoka kwa mtu aliyekuwa akiniletea karanga.

Fikiri alifika Alhamisi, shati limepigwa pasi. Akatoa shikamoo, Madamu akaitikia marahaba, akamuuliza bila kuzunguka kama yeye ni Mzaramo.

"Hapana, Madamu. Nimezaliwa Kisarawe, lakini sisi ni Wanyamwezi. Babu wa babu yangu alishuka pwani na mzigo wa pembe, akaoa huko, hakurudi. Mimi ndiye wa kwanza kurudi."

Nilihisi uso unawaka. Mnyamwezi kwa Mnyamwezi hakuna utani huo. Niliyoyasema kwa miaka miwili yalikuwa matusi matupu, tena kwa mtu wa kwetu. Ukoo mzima ulipotelea pwani, mmoja akapanda treni akarudi, na makaribisho yake yakawa sauti yangu kwenye spika. Madamu akamuuliza kama aliyachukua kuwa matusi. Hapo bado angeweza kuniokoa. Akasema aliyachukua yote kwa uzito, kila neno, na akitakiwa anaweza kuyataja kwa mpangilio. Kipaza sauti kikaenda kwa Benjamini.

Nilimkabili nje, penye ubao wa matangazo. Nilimwambia kwamba uongo mdogo haujawahi kumuua mtu.

"Ningesema mimi ni mtani wako," akajibu, "halafu siku nikikwambia nakupenda, ungecheka. Mtani hasadikiwi, Swaumu."

Nikamwambia aende zake. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba lile neno la katikati sikulisikia mpaka nilipofika bwenini, na nilipolisikia hasira ikazidi.

Jumamosi Benjamini aliutangaza mpira akimwita kila mchezaji mheshimiwa. Msimamizi wa redio alivumilia robo saa, akapanda bodaboda, akaondoka na kazi yangu. Nilikuwa nimekaa nyuma ya goli la wauguzi, peke yangu, maana sikutaka kuliwazwa na wapumbavu. Kipindi cha pili beki wetu alijifunga mwenyewe, jambo ambalo kwa kiwango chake lilikuwa ufundi. Dakika ya mwisho tukapewa penalti.

Revocatus akauweka mpira. Tabora nzima inajua kwamba Revocatus hupiga upande wa bomba. Kwamba goli lina upande wa pili hajawahi kuambiwa. Fikiri naye alijua, na miguu yake ilikwishaelekea bombani. Ndipo nikasimama. Nilitaka afungwe, aaibike mbele ya watu kama nilivyoaibika mimi, na nilijua kwamba maneno yangu yeye huyasadiki. Nikapaza ile sauti yangu isiyohitaji umeme:

"Reli! Upande wa reli!"

Fikiri akarukia upande wa reli. Na Revocatus, ambaye hajawahi kumtii kocha wala mama yake mzazi, akadhani ninamwelekeza yeye, akapiga upande wa reli. Mpira ukamkuta Fikiri hewani na kukaa mikononi mwake. Filimbi ikalia, tukafungwa moja bila.

Chuo chetu chote kikanigeukia. Niliitwa msaliti, na Julieth, ambaye nalala naye chumba kimoja, akaniambia nitafute pa kuhamishia godoro. Watu walioshindwa kupata goli kwa dakika tisini walikuwa wamegundua kwamba tatizo ni mimi.

Fikiri akaja nyuma ya goli, vumbi hadi kwenye nyusi, mpira kwapani. Nilimwahi kabla hajanishukuru. Nilimwambia kwamba nilimdanganya, kwamba nilitaka afungwe, na kwamba kuudaka ule mpira ni upuuzi wa Revocatus tu. Nilisema polepole, asije akadai hakusikia.

"Nilijua," akasema. "Revocatus ni wa bombani siku zote."

"Sasa kwa nini ukaruka relini?"

"Si wewe uliyesema?"

Nimekutana na wajinga wengi, na wengi zaidi nimewatangaza, lakini huyu aliwapita wote. Nilimwambia kwamba ni mpumbavu, nikaongeza kwamba sitanii. Akatikisa kichwa kukubali. Nikamwambia basi kesho saa kumi afike kwetu Ng'ambo, bibi amuulize ukoo wake vizuri, maana huyo babu wa babu yake aliondoka bila kuaga, na lazima tujue kwanza kama si ndugu yangu.

Akauliza aje na nini. Nikamwambia karanga.