Mtasema Avalishwa Sweta

...na kwa joto hili la Homa Bay, joto la kukausha dagaa wa omena kabla mtu hajamaliza kuwaanika, mbwa avalishwe sweta, “mshike miguu, Mama, anacheza,” anasema Helen, mke wa mwanawe, sindano ya kufumia ameibana midomoni, na Gesare anashika, mgeni kwa mkaza mwana hushika anachopewa, nyumba hii kila kitu kina nguo, redio imevikwa kitambaa, kochi limevikwa, thamosi imevikwa, yeye mwenyewe kavikwa soksi, alikuwa amebaki mbwa tu... “Jeff, tulia, Jeff mtoto mzuri,” Jeff! kama karani wa chifu, mbwa aliyezaliwa kijijini Kegonga chini ya ghala, na jina lake Mtasema, alilopewa na Gesare mwenyewe mwaka ule alipofiwa na mume akakataa kurithiwa, majirani wakafungua midomo, basi kila jioni alisimama uani akaita sauti ivuke mto, Mtasemaaa, njoo ule! na wa kusikia wakasikia, ndiyo kazi ya jina la mbwa, lisemee palipokushinda... wala hakumpenda, asisingiziwe, alimpa ukoko na teke, panya alijitafutia, lakini wezi wa ng'ombe walipokuja ni yeye aliyewatokea, akarudi sikio limepasuka, kipande cha suruali ya mtu mdomoni, ng'ombe watatu wakaenda, wawili wakabaki, na mwanawe Magige akaja analia, mwanamume mzima na ndevu zake, akawapakia kwenye pikapu, mama na mbwa, nia njema, nani akatae, na huyu Helen ana mikono ya huruma, ukweli usemwe, kupe aliwatoa mmoja mmoja, kidonda akakiosha kwa maji ya chumvi, akaleta wali, akaleta maziwa... sasa mbavu za mbwa ziko wapi? anapapasa, vidole vinazama, mafuta matupu, moyo unagonga huko mbali kama mtu anayebisha kwa jirani... “kwa hivyo Mama, Magige aende kesho, si ndiyo? Wale ng'ombe wawili wauzwe, boma lifungwe, wewe upumzike hapa na sisi,” apumzike, huko kupumzika ndiko kumemchosha, akiinuka kuosha kikombe, aa Mama, kaa, akichungulia nje, Mama, jua... na juzi si alipita langoni mbwa wa ufukweni, kakonda, ananuka samaki waliooza, mkia juu kama mwenye mji, na Mtasema akabweka? hakubweka, aligeuka akamtazama Helen kwanza, kama mtoto wa shule anayeomba ruhusa, na Gesare akamcheka, we mbwa umekwisha... na yeye je, jana alipotaka kwenda msalani, aligeuka akamtazama nani... Mungu wangu, alimtazama Helen... “Mama? Nimwambie ndiyo?” kichwa cha mbwa kinachomoza kwenye shingo ya sweta, rangi ya waridi, macho ya bwana harusi aliyelazimishwa, Gesare anainama mpaka kwenye lile sikio lililopasuka, ananong'ona, Mtasema, na sikio linasimama, bovu vile vile, linasimama wima... “Umesema nini, Mama?” hajasema, atasema Magige akirudi, kesho hiyo pikapu aende nayo, lakini si kwa kufunga boma, mbele kuna nafasi ya bibi kizee mmoja anayerudi kwake, nyuma kuna ya mbwa... “mshike basi, mguu mmoja umebaki,” na Gesare anashika.