Ukumbi Urudi Kama Ulivyokuwa

"Kisigino! Kisigino, jamani! Mnakanyaga kama mnaua mende!"

Ndiyo maana wanafunzi walimwita Mama Kisigino. Asubuhi ile alikuwa katikati ya somo, kanga ameikaza kiunoni, wanafunzi wa mwaka wa mwisho wakizunguka pekupeku juu ya sakafu ya mbao, mara mlango ukafunguliwa, akaingia bwana wa majengo na viatu vyake.

"Viatu!" darasa zima likapiga kelele.

Hakuvua. Yeye ndiye msimamizi wa nyumba zote za chuo kile cha serikali, na shule ya dansi ya Mama Kisigino ilikuwa mpangaji tu ndani ya uwanja wa umma. Alitembea hadi katikati, akadunda kidogo kwa nyayo, akatabasamu.

"Mama, mkataba wenu umekwisha na hatuuongezi. Ukumbi huu mzuri, tunautaka kwa wageni wakubwa. Jioni nakuja kuchukua funguo."

"Jioni ya leo?"

"Ya leo."

"Kila mwaka naomba mkataba mrefu, mnaniambia unashughulikiwa!"

"Ndiyo umeshashughulikiwa."

Wee! Mtu anakwambia hivyo na uso haukunjamani hata kidogo. Mama Kisigino aliwaacha wanafunzi na mpiga ngoma wao, akaenda kumwona mkubwa wa chuo. Karani akasema mkubwa yuko kikaoni. Kikao gani hicho, vijiko vinagonga vikombe na watu wanacheka mpaka wanakohoa? Alikaa kwenye benchi mpaka jua likawa utosini. Mkubwa alipotoka alimsikiliza amesimama, mkono mmoja kwenye mlango wa gari.

"Mzee, mlitupatia ghala. Popo walijaa juu, viti vilivyovunjika vimejaa chini. Sisi ndio tuliosugua, tukapaka rangi, tukatia vioo madirishani, tukaweka sakafu. Wanafunzi wangu wana mtihani. Niwapeleke wapi?"

"Na tunawashukuru. Lakini mama, mla ni mla leo, mla jana kala nini? Wewe fuata mkataba. Ukumbi urudi kama mlivyoupokea, basi. Nisisikie mmevunja hata kioo."

Gari likaondoka. Mama Kisigino alizunguka nyuma ya ukumbi akalia, tena kwa sauti. Kosa lao lilikuwa kupendezesha nyumba ya watu. Wangekaa na popo wao hakuna ambaye angewakumbuka.

Akapenga kamasi. Alipoinua uso, akaviona viti.

Vilikuwa vimelala chini ya mabati, palepale alipovirundika mwenyewe alipokabidhiwa ukumbi. Aliomba avitupe, wakamkatalia: mali ya umma haitupwi. Basi kila masika alivifunika upya kama watoto, na kila mwaka mtu wa ofisini alikuja kuhakikisha havijapungua. Viti bila miguu, meza bila mbao za juu, kutu tupu. Alivitazama kwa muda, machozi yakakauka yenyewe. Kisha akampigia simu mume wa dada yake, fundi seremala.

"Shemeji, njoo na bisibisi. Njoo na vijana wote wa karakana."

"Kumbe leo umenikumbuka! Kuna nini?"

"Tunang'oa sakafu yetu."

Shemeji ndiye aliyeiweka. Sakafu ya dansi haipigiliwi misumari kwenye jengo, maana ikipigiliwa inakuwa ngumu na inaua magoti. Ile ilikuwa imelala tu juu ya vipande vya tairi kuukuu, mbao zimeshikana zenyewe kwa skrubu. Waliifungua kipande kwa kipande, wanafunzi wakapanga mstari hadi kwenye mikokoteni nje. Chini yake ilitokea saruji ya zamani yenye mashimo, vumbi likapanda mpaka wakapiga chafya wote. Hawakugusa kioo hata kimoja.

Kisha wakaanza kuingiza viti.

"Mwalimu, hiki si kitanikata?"

"Kamata kwa kitambaa. Taratibu, mali ya umma hiyo."

"Na popo, shemeji?" fundi akauliza, ameegemea mlango, jasho linamtiririka.

"Popo watakuja wenyewe."

Wakacheka mpaka mpiga ngoma akakaa chini.

Jioni bwana wa majengo alikuja, na viatu vyake. Alifungua mlango akasimama hapohapo kizingitini, kwa sababu mbele hapakupitika. Viti vilikuwa vimerundikwa kutoka ukuta hadi ukuta, kufika karibu na dari.

"Mama! Nini hiki?"

"Mkubwa kasema ukumbi urudi kama tulivyoupokea. Hesabu, hakijapungua hata kimoja."

"Na sakafu iko wapi?"

"Kwani mlitupatia sakafu? Saruji yenu hiyo chini, haina hata tundu la msumari. Chungulia."

"Sasa wageni watakaa wapi?"

"Viti si hivyo?"

Akamwekea funguo kiganjani, akaondoka bila kugeuka. Getini wanafunzi walikuwa wamesimama kando ya mikokoteni, miguu yao myeusi kwa vumbi.

"Mwalimu, kesho kuna somo?"

"Liko, asubuhi kama kawaida. Mtihani hautusubiri."

"Wapi sasa?"

Aliutazama mzigo wa mbao, akaikaza tena kanga yake.

"Bado sijui. Lakini mpaka sakafu yetu ipate pa kulala, njooni na viatu."