Masharubu na Sosi ya Hisae

Tangu nilipostaafu kazi ya reli, nawatembeza wageni vichochoroni Osaka, na matembezi huishia kwenye kibanda cha Hisae, mkaangaji wa mishikaki. Sosi yake iko kwenye chombo kimoja cha wote. Unachovya mara moja tu, kabla hujang'ata. Hisae alishanionya: akitokea mmoja wa kuchovya tena, msafara wangu utafute kwingine. Na bila mishikaki ile, ningekuwa nauza matembezi matupu.

Kwa hiyo wageni nawatisha mapema. Juzi nikawaambia, "Kuna bwana alichovya mara mbili hapa. Kufika nyumbani, masharubu yote chini!"

Wakacheka. Nami, kwa kunogewa na hadithi yangu mwenyewe, nikatumbukiza mshikaki niliokwisha kuung'ata.

Hisae akaimwaga sosi yote huku akinitazama.

"Babu Tokuzo, na umri wote huo! Kesho usiniletee mtu."

"Mama, mkono umeteleza."

"Mkono hauna kosa. Tatizo ni huo mdomo wako. Nenda!"

Asubuhi nikasimama mbele ya kioo. Masharubu yale nilikuwa nayo tangu ujana. Nikayanyoa yote. Jioni nikatokea na wageni wanane, mdomo wa juu mweupe kama tofu.

Hisae akanikodolea macho.

"Yameanguka," nikasema. "Si nilisema?"

Akacheka hadi akaegemea meza. "Ingieni, ingieni! Ila huyu mzee apewe kabichi tu."

Wageni wote wanane walichovya mara moja moja, macho kwenye mdomo wangu.