Pale Hapana Kitu

Mhamasishaji alifika Idara ya Maji siku ya Alhamisi, kipaza sauti kimebandikwa shavuni kama mtu anayeumwa jino. Idara ilimwalika awatie wafanyakazi moyo kwa saa mbili, maana viti vipya walivyoahidiwa vilikuwa havijapatikana. Aliwaambia wafumbe macho. Aliwaambia ndani ya kila mmoja wao kuna simba amelala. Akawaambia, huku akienda na kurudi mbele ya ubao wa matangazo, kwamba mtu asiyethubutu kukanyaga asikokujua ameshakufa, ila hajapewa cheti tu.

Wafanyakazi sitini na wawili walipiga makofi, wengine machozi yakiwalengalenga. Kesho yake asubuhi, sitini na mmoja kati yao walisaini daftari la mahudhurio kama kawaida, simba wao wamelala fofofo. Aliyebaki alikuwa shangazi yangu. Yeye alipitiliza hadi kwa katibu wa Mkurugenzi akakabidhi barua ya mistari miwili: anaacha kazi, na anashukuru kwa semina.

Mkurugenzi alimwita mbio.

"Keti, mama. Kuna mtu amekuudhi?"

"Hapana, mkuu. Nimeambiwa nifuate ndoto yangu."

"Nani kakwambia?"

"Yule bwana wa jana. Wewe mwenyewe ndiye uliyekuwa wa kwanza kusimama kumpigia makofi."

Mkurugenzi alijifuta paji la uso. "Mama, yule alikuwa anahamasisha. Hakuwa anamaanisha."

Shangazi alikuwa na miaka hamsini na mmoja, na kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa mchora ramani wa idara ile. Alinakili kwa wino mito, visima na mabomba ya sehemu ambazo hajawahi kuziona, kwa mkono uliotulia hata wenzake wakasema hapumui akiwa kazini. Katika ramani zote hizo kulikuwa na kipande kimoja cheupe, nyuma ya milima, kwenye karatasi hakizidi kiganja cha mkono. Ndege ya kupiga picha ilipita juu yake mara tatu, na mara zote tatu wingu lilikuwa limekaa palepale kama kuku anayeatamia. Picha za setilaiti zilikuwepo, lakini idara ilikuwa bado inasubiri kibali cha kuomba kibali. Basi kwa kila nakala mpya, Shangazi aliandika neno moja katikati ya weupe ule, kwa herufi kubwa za kupendeza: HAIJAPIMWA. Na kila mwaka alipouliza itapimwa lini, alijibiwa, "Pale hapana kitu, mama."

Wengine huficha mapenzi ya siri. Yeye alificha kipande cha karatasi nyeupe.

Msije mkadhani alikuwa mtu wa safari. Mbali kabisa alikowahi kufika ni kwenye harusi ya binamu yake, mwendo wa saa nne kwa basi, na alitapika kwenda na kurudi. Aliishi peke yake kwenye vyumba viwili juu ya duka la viatu, na akisikia mlango wa jirani unabamizwa, alinyanyuka kuhakikisha wake umefungwa.

Kikao cha familia kiliitishwa Jumapili. Mwenyekiti alikuwa baba yangu, mdogo wake Shangazi, na kwa bahati nzuri au mbaya Baba alikuwa wakala wa bima. Huyu ni mtu aliyejenga maisha yake yote juu ya kuwaeleza watu namna wanavyoweza kufa.

"Dada," alianza, akipanga vipeperushi mezani, "umebakiza miaka saba ustaafu. Saba! Ukivunjika mguu huko, nani atakubeba?"

"Sijui."

"Utalala wapi?"

"Sijui."

"Kuna nini huko?"

"Mdogo wangu," Shangazi akasema kwa upole, "ningekuwa najua, ningekuwa nimeshakichora."

Baba alitutazama kana kwamba tunashuhudia mtu akijitia kitanzi. Mama, ambaye kwenye vikao huwa hasemi neno, aliuliza swali moja tu: "Wifi, umenunua viatu?" Akaambiwa ndiyo. Mama akaona kikao kimekwisha, akaenda kuchemsha chai.

Baba hakukubali kushindwa. Alinivuta pembeni. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na sita, nina shahada, na kazi yangu ilikuwa kupiga mihuri kwenye fomu ofisini kwake. "Nenda naye," akaniambia. "Mpe siku tatu. Akichoka, umrudishe." Sikuulizwa kama nami nina ndoto. Pengine ilijulikana kwamba sina.

Tulipanda basi Jumatano. Shangazi alitapika kabla hatujatoka stendi. Baada ya hapo alitulia, akafungua ramani magotini, na kila tulipovuka daraja aligonga karatasi kwa kidole, akanong'ona jina la mto kama mtu anayekutana na rafiki waliyeandikiana barua tu. Barabara ilipokwisha tulishuka tukaanza kupanda milima kwa miguu. Alasiri ya siku ya pili tulifika kwenye mstari ambako ramani inaishia. Alisimama, akavua kofia, akavuta pumzi.

"Kuanzia hapa, mwanangu," alisema, "hakuna anayejua kitu."

Tulipotea baada ya nusu saa.

Sitatia chumvi, haihitajiki. Ukungu ulishuka hadi nikawa siioni mikono yangu. Dira ilisema kaskazini ni kule, Shangazi akasema dira inadanganya, mimi nikasema sote tunadanganywa na mhamasishaji. Mvua ilitunyeshea usiku kucha chini ya turubai lililotengenezwa, nadhani, na mtu aliyewahi kusimuliwa habari za mvua. Kulipokucha, malengelenge ya miguu ya Shangazi yalikuwa yamepasuka, biskuti zimegeuka uji, na mimi nilikuwa nimeshatunga hotuba ya kumrudisha nyumbani. Nilikuwa nafungua mdomo niianze, ndipo sauti ikatoka ukunguni.

"Mmepotea?"

Alikuwa mwanamke wa makamo, kabeba mzinga wa nyuki kichwani, anatutazama bila haraka. Huyu ndiye ambaye baadaye tulimwita Mama Nyuki.

"Hatujapotea," Shangazi alimjibu, akijikaza kusimama. "Tunagundua."

Mama Nyuki alitutazama kuanzia kofia hadi matope. "Haya. Basi mkigundua, msogee kidogo. Mmelala juu ya maharage yangu."

Ukungu ulipoinuka tuliliona eneo lisilo na kitu. Lilikuwa na nyumba zipatazo arobaini. Lilikuwa na shule ya vyumba viwili, kinu cha kusagia nafaka, kinyozi, na watu wawili waliokuwa hawasemezani kwa sababu ya mpaka wa shamba. Kulikuwa na chemchemi tatu, bwawa pana lenye matete, na zaidi ya matete ziwa dogo la maji meusi. Kila kijito kilikuwa na jina. Hata jiwe ambalo mtu akipanda juu yake simu inapata mtandao lilikuwa na jina: Ofisini.

Nilitegemea Shangazi aruke kwa furaha. Badala yake alikaa kwenye benchi nje ya nyumba ya Mama Nyuki, miguu ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, uso umemporomoka.

"Nimekuja kugundua kitu," alisema, "nimekuta watu wana kinyozi."

"Sasa ulitaka tufuge nywele tukikusubiri?" Mama Nyuki akauliza.

Alicheka peke yake, kisha akataka kujua tumetokea wapi. Shangazi alipotaja Idara ya Maji, kicheko kilikatika. Mama Nyuki aliingia ndani akarudi na mfuko wa plastiki. Ndani yake mlikuwa na barua tisa. Kila mwaka wa mvua kubwa kijito kilicho kati ya nyumba na shule hufurika, na mwaka mmoja kilimchukua mwalimu. Kwa hiyo waliomba kivuko cha kupita kwa miguu. Waliomba mara tisa, wakajibiwa mara tisa, kwa maneno yaleyale: ombi haliwezi kushughulikiwa, kwa kuwa kwa mujibu wa ramani ya idara, eneo tajwa halina makazi wala mkondo wa maji. Nakala ya ramani ilikuwa imeambatishwa.

Shangazi aliifunua nakala ile. Katikati ya weupe, kwa herufi kubwa za kupendeza, aliukuta mwandiko wake.

Alizifuata herufi zile kwa kidole, moja moja. Maji ya beseni yalipoa.

"Huu ni mkono wangu," alisema mwishowe.

"Mwandiko mzuri," Mama Nyuki akasema. Hakusema kwa wema.

Nilidhani sasa tutarudi, na kusema kweli nilishaanza kukunja turubai. Lakini Shangazi alitoa miguu kwenye beseni, akaifunga vitambaa, akamuuliza Mama Nyuki kama anaweza kumwonyesha kile kijito. "Leo?" "Leo." Wakaondoka, mmoja anachechemea, mwingine amenuna, na mimi nyuma yao nimebeba mkoba kama mtumishi.

Siku yetu ya tatu kule nilipanda Ofisini nikampigia Baba.

"Amechoka?"

"Bado, Baba."

"Mpe siku tatu nyingine."

Tulifanya mazungumzo hayo mara kumi na sita. Wiki saba Shangazi alipima kwa hatua, kwa kamba, kwa dira aliyokuwa amepatana nayo. Alizama kwenye matope ya bwawa hadi kiunoni, akatolewa akiwa na kiatu kimoja, akaomba kwanza aandikiwe ni wapi hasa alipozama, maana ilikuwa taarifa. Alishikwa na homa siku nne. Alipatanisha wale majirani wawili bila kukusudia, kwa kupima mpaka wao na kugundua kwamba wote wawili wamekosea. Alikonda, akaungua jua, akaanza kupiga mluzi. Mama Nyuki naye alipunguza kununa, kidogokidogo, kama anayeona aibu kuonekana anafurahi.

Tulirudi mjini sote watatu, na karatasi moja iliyoviringishwa ndani ya bomba. Kipande cheupe kilikuwa kimejaa hadi pembeni.

Idara ilitupokea kwa furaha yote iliyozoeleka katika idara. Karani alisema ramani haiwezi kupokelewa kutoka kwa mtu binafsi. Lazima ichorwe na mchora ramani wa idara. Shangazi akauliza mchora ramani wa idara ni nani. Karani akapekua jalada, akasema nafasi hiyo iko wazi, aliyekuwepo aliacha kazi. "Kwa sababu gani?" Shangazi akauliza, akionekana kutaka kujua kweli. "Haikueleweka," karani akajibu.

Mama Nyuki hakuwa na subira ya mambo hayo. Alipita katikati ya meza, akafungua mlango wa Mkurugenzi bila kubisha, akaitandaza ramani juu ya chai yake.

"Mimi nakaa hapa," alisema, ameweka kidole. "Na hapa ndipo alipokufa mwalimu. Wewe nionyeshe ni wapi ambapo hapana kitu."

Mkurugenzi alitafuta. Nakiri kwamba alitafuta kwa bidii. Kisha akaniomba nifunge mlango, na mimi nikauacha wazi, ukumbi mzima usikie.

Ramani ilipokelewa. Chini yake liliandikwa jina la Mkurugenzi kama msimamizi wa kazi, na jina la Shangazi halikuandikwa popote. Ombi la kumi la kivuko lilijibiwa kwa neno moja jipya, "linashughulikiwa," ambalo lilishughulikiwa miezi kumi na minne. Ila kivuko kilijengwa. Nilikiona kwa macho yangu, cha zege, kimepinda kidogo upande wa kushoto, na watoto wanakipita kwenda shuleni bila kukiheshimu hata kidogo. Mhamasishaji naye aliipata habari, na siku hizi anaisimulia kwenye semina zake. Katika usimulizi wake Shangazi ni kijana wa kiume, na mwishoni anakuwa tajiri.

Ukweli ni kwamba hakuwa tajiri. Alihamia kule, akapangishwa chumba nyuma ya kinu, anawachorea watu mipaka na wao wanamletea chakula na malalamiko. Magoti yanamuuma. Akipanda basi bado anatapika. Baba alifika kumtembelea mara moja, akahesabu hatari ishirini na mbili kabla ya kufika mlangoni, akalala usingizi wa saa kumi na moja mfululizo, ambao Mama anasema hajawahi kuulala nyumbani.

Mimi niliacha mihuri. Sikusikia wito wowote wala simba kuamka. Nilichoshwa tu, na nikajua kwamba kule kuna kazi inahitaji mikono miwili. Mwezi uliopita Shangazi alitaka kujua kina cha lile ziwa jeusi. Hakuna aliyewahi kukipima. Tulitoka na mtumbwi wa kuazima, Mama Nyuki akipiga kasia na kutukumbusha kwamba hakuna hata mmoja kati yetu anayejua kuogelea. Katikati, Shangazi alishusha jiwe lililofungwa kamba yenye mafundo kila mita. Fundo la kumi likapita. La thelathini. La hamsini. Kamba ikaendelea kushuka, kisha mkono wake ukabaki umeshika ncha ya mwisho ya kamba, na jiwe lilikuwa bado linaning'inia huko chini, halijagusa kitu.

Alitugeukia, macho yamemtoka, akacheka hadi mtumbwi ukayumba na Mama Nyuki akamkemea.

"Imeisha," alisema. "Kamba yote imeisha! Kesho tutafute nyingine."